Texas: Gavana, Misikiti na Sanduku la Kura

Waislamu wa katikati ya jiji la Houston huswali Ijumaa ndani ya benki. Jengo lenyewe lilijengwa mwaka 1928, lina nguzo nene mbele yake mfano wa mahekalu ya Wayunani wa kale, na ndani yake marumaru imetandazwa kwa ukarimu wa watu waliokuwa na fedha za kuchezea. Benki hiyo iliongozwa na Ross Sterling, tajiri wa mafuta ya petroli, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo la Texas kuanzia mwaka 1931 hadi 1933. Miongo sita ikapita, jengo likanunuliwa na Hakeem Olajuwon, Mnigeria wa kabila la Wayoruba, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyeipatia Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995, na ambaye alikuwa akicheza mechi za Ramadhani hali amefunga. Akaligeuza kuwa kituo cha daawa. Pale walipopanga foleni wenye hundi ndipo leo zinaponyooshwa safu za swala. Tulipoweka paji la uso chini ilituwia tabu kuzuia tabasamu: nyumba ya riba imesilimu.

Tulifika Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, katika Mfunguo Tisa wa mwaka 1447, siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, mitaa ikiwa mitupu. Siku kumi kabla ya hapo Gavana Greg Abbott alikuwa ametoa tangazo la kuiita CAIR, Baraza la Mahusiano ya Kiislamu la Marekani, pamoja na Ikhwanul Muslimin, kuwa ni jumuiya za kigaidi kwa mujibu wa sheria za Texas, na kuzizuia kupata ardhi jimboni humo. CAIR ni jumuiya ya kutetea haki za kiraia iliyoasisiwa mwaka 1994. Serikali kuu ya Washington haikuwa imeitia katika orodha yake ya magaidi, na jumuiya yenyewe ilikimbilia mahakamani bila kuchelewa. Khatibu wa siku ile alizungumzia amana na hakumtaja gavana hata mara moja. Walakini watu walipotoka nje hapakuwa na mazungumzo mengine, na mezani karibu na mlango alikaa kijana mwenye idhini ya wilaya akiandikisha wapiga kura.

Uchaguzi wa gavana umepangwa kufanyika Novemba 2026, na Abbott anagombea muhula wa nne. Msomaji asishangae: katiba ya Texas haiweki kikomo cha mihula ya gavana. Jimbo hilo ni kubwa kuliko Kenya kwa eneo, lina wakazi zaidi ya milioni 30, na tangu Ann Richards aliposhindwa na George W. Bush mwaka 1994, hakuna mgombea wa chama cha Democratic aliyewahi kushinda tena kiti hicho.

Abbott ni mtu ambaye hata wapinzani wake humtaja kwa heshima fulani. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 26 na ndiyo kwanza amemaliza masomo ya sheria, alikuwa akikimbia kwa mazoezi hapo hapo Houston mti ukamwangukia, ukamvunja uti wa mgongo. Tangu siku hiyo yuko katika kiti cha magurudumu. Hakukaa nyumbani kulia. Alikuwa hakimu, kisha mwanasheria mkuu wa jimbo, kisha gavana tangu Januari 2015. Ni Mkatoliki, na mkewe Cecilia ni wa kwanza mwenye asili ya Kihispania kuwa mke wa gavana wa Texas. Mwaka 2014 alimshinda mpinzani wake kwa takribani asilimia 20. Mwaka 2018 kwa takribani 13. Mwaka 2022, alipopambana na Beto O'Rourke, kwa takribani 11, sawa na kura zipatazo 880,000. Tuziweke akilini tarakimu hizi, kwa maana Jumamosi usiku zilirudi mezani.

Wenyeji wetu wanaishi kusini-magharibi mwa Houston, katika vitongoji ambavyo mtu anaweza kutembea dakika kumi akasikia Kihispania, Kiurdu, Kisomali na Kiswahili. Wengi wa Waswahili wa hapo ni Wakongo, na si wachache waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuvuka bahari. Mwenye nyumba asili yake ni Kasongo, Maniema, mji ambao Uislamu wake una umri mrefu kuliko wengi wetu tunavyojua. Bibi yake alipika sombe na bugali. Daktari mmoja, jirani mwenye asili ya Pakistani, alikuja na kifua cha ng'ombe halali kilichookwa kwa moshi usiku kucha kwa namna ya watu wa Texas. Mgeni wa tatu alikuwa mzee Mmarekani mweusi aliyesilimu ujanani, mkongwe wa Houston, ambaye kila mtu alimwita Ami.

Chakula kilipoondolewa, daktari ndiye aliyeanza, na alianza kama mtu aliyechoka kukatizwa kauli.

“Nitasema ambayo watu wanayasema nyumbani kwao wakafika msikitini wakanyamaza,” alisema. “Nilimpigia kura Abbott mwaka 2014, na mwaka 2018, na mwaka 2022. Sioni haya.” Akahesabu kwa vidole. Sheria ya mwaka 2021 iliyopiga marufuku kuitoa mimba pindi mapigo ya moyo yanaposikika, yaani katika wiki ya sita hivi. Sheria ya mwaka 2023 iliyokataza tiba za kubadili jinsia kwa watoto. Sheria iliyosainiwa Mei 2025, iliyotenga dola bilioni moja ili wazazi wasaidiwe karo za shule binafsi. “Ninyi mnaomba dua Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wenu na haya mambo,” alisema, “kisha anakuja mtu wa kuyazuia, mnasema hatumtaki. Na kodi ya mapato Texas hakuna. Nimejenga zahanati mbili.”

Akakumbusha pia kwamba Waislamu wa Marekani si wageni katika upande huo wa siasa. Oktoba 2000 umoja wa jumuiya zao za kisiasa ulimuunga mkono George W. Bush, gavana wa Texas wa wakati huo, aliyekuwa akigombea urais na ambaye katika mdahalo alilaumu matumizi ya ushahidi wa siri mahakamani, jambo lililokuwa likiwaumiza Waislamu. Ami akacheka kwa sauti. “Nawe unatoa mfano huo huo?” Naam, yaliyofuata miaka mitatu baadaye, vita vya Iraq vikiwa kilele chake, hayakuhitaji kusimuliwa pale.

Hoja ya Ami ilikuwa na njia nyingine. Hakubishana juu ya sheria moja moja mwanzoni. Alitaka kujua nani amesimama upande gani wa mlango. Alikulia katika Texas ambayo mtu alipaswa kulipa kodi ili apige kura, kodi ambayo haikuondoka hadi mwaka 1966. Akatutajia Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston, mtu mweusi aliyenyimwa kura katika uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic, chama kilichotawala jimbo zima enzi hizo, akashitaki, na Mahakama Kuu ya nchi ikampa haki yake mwaka 1944. “Wale waliomzuia Smith,” alisema, “nao walikuwa watu wa dini. Walifunga ndoa, walilea watoto, hawakulewa siku ya Jumapili. Mimi siulizi tena kama mtu ni mhafidhina. Nauliza anahifadhi nini, na kwa ajili ya nani.”

Kisha akaja kwenye uhai, kwa kuwa daktari ndiko alikoanzia. Uvalde, tarehe 24 Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili waliuawa na kijana mwenye bunduki ndani ya shule ya msingi. Mwaka mmoja kabla ya hapo gavana alikuwa amesaini sheria inayomruhusu mtu mzima kubeba bastola hadharani bila kibali. Texas imedunga sindano ya mauti wafungwa wengi kuliko jimbo lolote tangu adhabu hiyo iliporejeshwa mwaka 1976, na ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa wasio na bima ya afya. “Daktari, wewe unawaona hao wasio na bima,” alisema. Daktari hakujibu upesi. Alisema anawaona.

Hapo tuingie kidogo, kwa kuwa tuliulizwa. Mwenye nyumba alitaka kujua kama sheria ya Abbott juu ya mimba ni sheria ya Kiislamu. Tulijibu kwamba si hivyo, ingawa zinakutana mahali. Mafaqihi wameafikiana juu ya uharamu wa kuitoa mimba baada ya kupulizwa roho, nazo ni siku 120 kwa kauli mashuhuri, isipokuwa uhai wa mama ukiwa hatarini. Kabla ya hapo wamehitilafiana sana, kati ya wanaoharamisha tangu mwanzo na wanaoruhusu kwa udhuru. Marufuku ya Texas, ambayo tangu Agosti 2022 ni karibu ya moja kwa moja, haina nafasi hata kwa aliyebakwa, na udhuru wake wa kitabibu uliwatia madaktari hofu kiasi kwamba Bunge la jimbo lilibidi kuufafanua mwaka 2025. Muislamu anaweza kuipenda sheria hiyo kuliko kutokuwa na sheria, wala hatumlaumu. Asiseme tu kwamba ni fiqhi yetu.

Mazungumzo yangeishia kwenye mizani hiyo ya huku na huku, kama si daktari kumtaja Najashi. Alisema, sisi tuko chini ya mtawala Mkristo kama Maswahaba walivyokuwa Uhabeshi. Hawakumtaka awe Muislamu ndipo wamwamini. Walimtaka awe mwadilifu katika nchi yake, nasi tusimchukie mtu hadi tukakosa kumfanyia uadilifu, na hapo akataja aya ya nane ya Suratul Maida. Ni hoja nzuri, na ilitulia juu ya meza kwa muda.

Aliyeijibu alikuwa mke wa mwenye nyumba, ambaye hadi hapo alikuwa akisikiliza kwa tafsiri ya binti yake. Alijibu kwa Kiswahili cha kwao.

“Daktari, Najashi walimuletea zawadi ili awarudishe wale Waislamu. Hakukubali mpaka amewaita, amemusikiliza Jaafar kwanza. Huyu wetu alimuita nani?”

Binti akatafsiri. Ami akapiga goti lake kwa kiganja.

Mama huyo alikuwa na sababu yake. Tarehe 10 Januari 2020 Abbott alikuwa gavana wa kwanza nchini kuiandikia Serikali ya Rais Trump kwamba jimbo lake halitapokea wakimbizi wapya, na Texas ndiyo iliyokuwa ikipokea wengi kuliko majimbo yote. Siku chache baadaye hakimu aliuzuia utaratibu mzima. Lakini katika siku hizo chache, dada yake aliyekuwa Nyarugusu, mwenye faili lililokamilika, alipiga simu kila asubuhi kuuliza kama bado anatakiwa. Daktari, kwa insafu, alikumbusha kwamba kusitishwa kwa mpango wa wakimbizi mwaka 2025 ni uamuzi wa Washington na si wa Austin. Mama akakubali kwamba ni kweli. “Lakini ule wa 2020 ulikuwa wake,” alisema, “na alijipongeza nao.”

Tunaamini hapo ndipo ilipo nguvu ya jambo lote, na hatutaificha rai yetu. Orodha ya daktari ni ya kweli, na anayemcheka kwa kuijali hajui wasiwasi wa mzazi aliye ugenini. Lakini sheria njema ya familia inahitaji familia zote ziingie ndani yake. Mwaka 2017 gavana huyu alisaini sheria juu ya matumizi ya sheria za kigeni katika kesi za ndoa na watoto, na waliokuwa wakiipigia debe walikuwa wakiwaonyesha watu kivuli cha sharia. Septemba 2025 alisaini nyingine akiisifu kuwa inazuia makazi ya sharia. Na usiku ule wazazi waliokuwa pale, ambao watoto wao wako madrasa za kutwa, walikuwa wakiulizana kama zile dola bilioni moja zitaruhusiwa kufika shule za Kiislamu, au tangazo la Novemba litatumiwa kuwafungia. Daktari mwenyewe hakuwa na jibu la hilo. Aliyezipigia kura shule binafsi mara tatu alikuwa akingoja kujua kama shule ya mwanawe ni shule.

Kijana mmoja, mpwa wa mwenye nyumba, alisema kura yenyewe ni haramu na majadiliano yote ni upuuzi. Ami akamtaka alete tarakimu za mwaka 2022. Akazileta kwa simu: kura kama milioni nane zilipigwa, katika walioandikishwa zaidi ya milioni 17. Chini ya nusu. “Tofauti ni laki nane na themanini,” alisema Ami, “na waliolala nyumbani ni zaidi ya milioni tisa. Wewe endelea kulala, mjukuu wangu. Kuna mtu anakushukuru.” Sensa ya Marekani haiulizi dini, hivyo hakuna ajuaye kwa yakini kura za Waislamu wa Texas ni ngapi, hazitoshi peke yake kumwondoa mtu, hilo linajulikana. Daktari akasema ndiyo maana heri kuwa na rafiki ndani ya chama kinachoshinda. Ami akasema rafiki huyo amekuwa chamani miaka 20, na hata tangazo moja hajaweza kulizuia. Waliachana saa sita za usiku wakikumbatiana, na daktari akambebea Ami sufuria hadi garini.

Jumapili tulipanda kaskazini. Kutoka Houston hadi Dallas ni mwendo wa saa nne hivi, nchi tambarare, makanisa, vituo vya mafuta vikubwa kuliko masoko yetu, na bendera za Texas zenye nyota moja, nyingi kupita kiasi. Plano iko kaskazini ya Dallas, nako ndiko uliko msikiti wa EPIC, ambao Sheikh Yasir Qadhi, mzaliwa wa Houston, ni mwanazuoni wake. Watu waliohusiana na msikiti huo walipanga kujenga mtaa karibu na kijiji cha Josephine, umbali wa mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Dallas: ekari 402, nyumba zaidi ya 1,000, msikiti na shule. Mwanzoni mwa mwaka 2025 gavana aliagiza idara kadhaa za jimbo kuuchunguza mradi huo, akidai unakusudiwa Waislamu peke yao. Wenye mradi walisema nyumba zitauzwa kwa yeyote. Wizara ya Sheria ya Washington nayo ilifungua uchunguzi, na mwezi Juni ikaufunga bila kumshitaki mtu.

Katika kituo cha mafuta kabla ya Josephine tulimuuliza njia mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana. Aliona kofia zetu, akajua tunakwenda wapi. Hakuwa na ukali. Alisema ubishi wake na mradi ni maji na barabara: visima havitoshi, barabara ni ya magari mawili, na mtu akileta nyumba elfu moja, ziwe za Wamethodisti au za nani, yeye atalalamika. Tulimuuliza kama ndivyo gavana anavyosema. Alifikiri kidogo akasema hapana, gavana anasema mengine.

Alikuwa amempigia Abbott mara tatu, sawa na daktari wetu. Februari 2021, baridi ilipoangusha mtandao wa umeme wa Texas, na hesabu rasmi ikataja watu 246 waliokufa, yeye na mkewe walilala siku tatu mbele ya meko wakichoma mbao za uzio wao. Alimkasirikia gavana mwaka mzima. Kisha Novemba 2022 ikafika akampigia. Kwa nini? Kwa sababu ya mpaka, alisema. Abbott alipeleka askari mpakani, na akawapandisha wahamiaji mabasi hadi Washington na New York ili wakubwa wa huko nao waone. Na kwa sababu O'Rourke aliwahi kusema atachukua bunduki. Akanyoosha mkono kuelekea mashamba. “Huku polisi wako mbali,” alisema.

Tulimuuliza kama anamjua Muislamu yeyote. Alisema daktari wake wa moyo, mjini Plano. Mtu mzuri sana. Alimpigia simu mwenyewe usiku baada ya upasuaji. Tukauliza kama wamewahi kuzungumza juu ya mradi ule. Akasema hapana, hajui angeanzia wapi, na kwamba pengine daktari naye hajui.

Na mwakani? Atampigia tena, alisema, labda atokee mtu mwingine wa chama hicho hicho. Kisha akatuchorea ramani nyuma ya risiti, akatuonya kwamba mvua ya juzi imeharibu njia ya upande wa kushoto, tuzungukie kulia. Tulizungukia kulia. Tulikuta seng'enge, majani ya manjano, na ng'ombe weusi wachache waliosimama kuutazama upepo unakotoka. Tulitandika mswala kando ya barabara tukaswali adhuhuri na alasiri, kasri na jam'i. Magari mawili yalipita tukiwa katika rakaa za mwisho. Moja lilipunguza mwendo, likaendelea.